UCHOVU SIO UVIVU, WAKUU!

Leo sina stori ya hosteli wala ya testi. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Hapa chuoni tuko watu kumi na mbili wenye ligi ya besiboli ya kwenye kompyuta, tunacheza kwa intaneti. Msimu umeisha, na wiki hii limeletwa pendekezo eti msimu ujao tuzime uchovu. Yaani mchezaji awe fiti siku zote, apangwe leo, kesho, keshokutwa, mpaka ligi iishe. Sababu? "Uchovu unaboa." Mi nasema hapana, na nitapiga kura ya hapana hata nikibaki peke yangu.

Kwa wasioujua mchezo: kwenye besiboli anayeibeba timu ni mrushaji. Kila mpira unaanzia mkononi kwake, na mechi moja anaweza kurusha mara 90 au 100 kwa nguvu zote. Ligi kuu ya Marekani ina mechi 162 kwa kila timu ndani ya miezi kama sita, yaani karibu kila siku. Ndiyo maana timu huwa na warushaji kama watano wa kuanza mechi, wanapokezana. Akimaliza zamu yake, mtu anakaa siku nne au tano. Halafu kuna mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima. Na yeye magoti si ya chuma, lazima umtafutie wa kumpokea.

Gemu letu linayajua hayo yote. Na kwa kuwa mechi za siku saba zinachezwa kwa mkupuo mmoja, we mwenyewe umelala, ni lazima mpango wa kupumzisha watu uuweke kabla. Hapo ndipo jamaa wanapolia! Mtu anampanga mdakaji wake bora siku zote saba, ya sita mdakaji yuko hoi, timu inakula kipigo, halafu bosi anakuja kusema gemu lina kasoro. Kasoro ipi? Benchi ulikuwa nalo, hukulitumia. Mchezaji akichoka, mwenye deni ni aliyempanga.

Wananijibu: "Zile ni namba tu, haziumii." Jamani, namba zile zimetoka kwenye miili ya watu. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua kiwiko mrushaji Tommy John, akamwekea kano iliyotolewa kwenye mkono wake mwingine. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa, maana warushaji waliopita njia hiyo baada yake ni wengi mno. Mwaka 2014 Wamarekani wakatoa mwongozo wa vijana: mwenye miaka 17 au 18 asizidishe mipira 105 kwa siku, na akikaribia idadi hiyo apumzike siku nne.

Wapinzani wangu wanampenda sana Daisuke Matsuzaka wa Japani. Mwaka 1998, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alirusha mipira 250 katika mechi moja ya mashindano ya Koshien, akawa shujaa. "Mbona yeye aliweza?" Sawa, aliweza. Mwaka 2011 naye akafanyiwa upasuaji ule ule wa kiwiko. Siwezi kuisingizia mechi moja ya miaka 13 nyuma. Ila Wajapani wale wale waliomshangilia, mwaka 2020 walianza kumwekea mrushaji wa sekondari kikomo cha mipira 500 kwa wiki. Walikaa chini wakahesabu.

Sasa mtauliza besiboli inatuhusu nini sisi wa Babati. Inatuhusu, kwa sababu kichwa kinachotaka kuzima uchovu kwenye kompyuta ndicho hicho hicho kinachopanga timu Jumamosi. Bonanza la siku moja, mechi nne, jua la saa nane, kiungo yule yule tangu asubuhi. Akishika paja anaambiwa "komaa, mwanaume hachoki". Rafiki yangu mmoja alichezeshwa fainali ya namna hiyo, chuo sikitaji, kifundo cha mguu kimevimba tangu nusu fainali. Timu ikapata kombe. Yeye akapata magongo muhula mzima, na nauli ya kwenda hospitali alichangiwa na wenzake wa chumba. Hivi kweli?

Halafu wana silaha yao ya mwisho, mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu, mkoa wetu huu huu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968. Alianguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Namheshimu kuliko wanavyomheshimu wao. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, siku moja, bendera ya nchi kifuani, na kumaliza aliamua yeye. Kulitumia jina lake kumsukuma dogo wa mwaka wa kwanza mwenye mguu uliovimba, ili mpate mbuzi wa bonanza, ni kumvunjia mzee heshima.

Mbona wakubwa wanajua kupumzika? Simba na Yanga wakiwa na mechi za Afrika, za ligi zinasogezwa, tunaziita viporo. Msimu wa 2024/25 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika huku viporo vikiwasubiri nyumbani, na sikusikia mtu akisema Simba wavivu. Tangu 2022 sheria za soka zinaruhusu mashindano kubadili hadi wachezaji watano. Fountain Gate walipohamia hapa mwaka 2024 tulikaa Tanzanite Kwaraa tukaangalia Ligi Kuu kwa macho yetu: benchi linainuka kupasha misuli, na wote tunaelewa kwa nini. Jumamosi sisi wenyewe tunabadilisha mmoja. Wale wengine tuliwaleta kula pilau?

Hata mkulima wa hapa Babati jua likiwaka anafungua ng'ombe wa plau, na wala hawaiti wavivu. Anajua kesho kuna shamba.

Kwa hiyo naomba mawili. Kwanza, uchovu ubaki kwenye gemu, anayechoka kufikiri aende akacheze karata. Pili, bonanza lijalo mtu mmoja ashike kalamu na daftari, aandike dakika za kila mchezaji. Aliyemaliza mechi mbili akae, na aliyevimba asiingie hata akililia mwenyewe.

Mnaopinga karibuni, ila mje na hoja. "Mwanaume hachoki" nshaisikia. Ni hayo tu kwa leo.