TUZO SI UJIRA

Ipo desturi inayofuatwa na baadhi ya makampuni ulimwenguni yanapotimiza miaka 25, 50 au 100 tangu kuanzishwa. Kampuni huagiza sarafu maalumu, ya shaba au ya fedha, na mara chache ya dhahabu, yenye nembo yake upande mmoja na tarehe ya sherehe upande wa pili, kisha ikampa kila mfanyakazi moja. Baada ya miaka mingi baadhi ya sarafu hizo huwa adimu, na wapo wakusanyaji wanaozitafuta. Kwetu sisi mfanyakazi hodari huheshimiwa zaidi siku ya Mei Mosi, akapewa cheti, bahasha ya fedha au chombo cha nyumbani. Lakini swali ni lile lile, nalo lawahusu wafanyakazi wa Karagwe na Kyerwa kama linavyowahusu wa Dar es Salaam: tuzo yamfaa nini mtu ambaye haki zake hazikuandikwa popote?

Hatusemi haya kwa kudharau tuzo. Mcheza kwao hutunzwa, na mwajiri anayekumbuka kuwatunza watu wake ametenda jambo la adabu. Tena watu wa Karagwe hawana haja ya kufundishwa na mtu kwamba madini yaweza kubeba kumbukumbu. Huko Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika, ambako Speke na Grant walipokewa mwaka 1861, walihifadhiwa ng'ombe waliofuliwa kwa chuma pamoja na nyundo za heshima za ufalme. Vitu hivyo havikununua mbuzi wala jembe. Biashara ilikuwa na kauri na shanga zake. Kila mtu alijua kipi ni cha heshima na kipi ni cha kulipia, wala hakuna aliyevichanganya.

Hapo ndipo twataka wafanyakazi wawe macho. Katika nchi hii mwenye mamlaka ya kutoa sarafu iliyo fedha halali ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake, kwa sheria yake ya mwaka 2006. Benki hiyo imewahi kutoa sarafu za kumbukumbu. Mwaka 1974, kwa mfano, ilitoa ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Sarafu ya namna hiyo ina thamani iliyoandikwa usoni na serikali yasimama nyuma yake. Kile kinachotolewa na kampuni, hata kikiwa duara na king'avu namna gani, si fedha bali ni nishani. Thamani yake ni ile ya madini yake, na ile ambayo mkusanyaji atapenda kuitoa. Mwajiri hawezi kukihesabu kuwa sehemu ya mshahara, na mfanyakazi asikubali kihesabiwe hivyo.

Nchi yetu yenyewe inayo sarafu adimu yenye funzo kubwa. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezingirwa, na mto Kagera ulikuwa mmoja wa mistari ya mapambano. Fedha zilipowaadimikia, walifua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Walitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke kutengeneza sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Zilifuliwa 16,198 tu. Leo sarafu hiyo hutunzwa katika makumbusho na huuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi. Kila mkusanyaji aijua sura ya yule tembo. Lakini ni nani ajuaye majina ya wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile? Pande zote mbili waliwachukua watu wetu kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Sarafu ilihesabiwa moja moja hata tukajua idadi yake kamili. Watu hawakuhesabiwa hivyo.

Askari waliowatumikia Wajerumani nao walibaki na madai ya mishahara yao. Ilipita karibu nusu karne. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa malimbikizo wale waliokuwa bado hai. Yasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na kwamba wachache tu miongoni mwao walikuwa na vyeti vya utumishi. Wengine, kwa kukosa karatasi, walipewa fagio mkononi kama bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, ili ijulikane kama kweli walikuwa askari. Wazee wakafanya gwaride. Twawasifu kwa kumbukumbu yao, lakini ni aibu iliyoje kwamba mtu aliyekwisha kutumika alazimike kucheza na fagio uzeeni ili kupata kilicho chake! Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa na tuitazame hali ya kwetu. Bati limechimbwa Kyerwa tangu miaka ya 1920, zamani hizo Kyerwa ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe, kabla ya kufanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Shaba ikichanganywa na bati hupatikana ile madini ngumu ambayo kwayo nishani nyingi na sarafu nyingi duniani zimetengenezwa. Lakini mchimbaji mdogo ashukaye shimoni kwa kamba, akapanda na mawe begani, mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Hulipwa kwa fungu la kile kilichopatikana, na kisipopatikana kitu hurudi nyumbani mikono mitupu. Vivyo hivyo wale wapakiao magunia ya kahawa na wale wachambuao buni wakati wa msimu: leo wapo, kesho hawapo, na jina lao haliko katika daftari lolote. Siku mwenye shimo au mwenye ghala atakapofanya karamu ya miaka 25, watu hawa hawatakuwa katika orodha ya wapewao sarafu. Na siku watakapougua au kuzeeka, hawatakuwa katika orodha ya wapewao pensheni. Hilo la pili ndilo linalotuumiza.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Ajira ikikoma, yamtaka ampe hati ya utumishi. Aliyefanya kazi kwa mfululizo wa miezi 12 au zaidi, akaachishwa pasipo kosa lake, anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka kikomo cha miaka 10. Maana yake, aliyetumika miaka 8 ana siku zake 56, na aliyetimiza miaka 10 ana siku 70. Hiyo si zawadi, wala haihitaji sherehe. Tena kila mwezi michango yake yapasa kupelekwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliyeachishwa kwa dhuluma ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine yana siku 60. Wengi wamepoteza haki zao si kwa kukosa ukweli, bali kwa kukawia.

Kwa waajiri twasema: toeni sarafu mkipenda, wala hatutawazuia. Lakini kabla ya kuagiza nishani ya kwanza, fungueni daftari. Hakikisheni kwamba kila atumikaye kwenu ana mkataba, na kwamba michango aliyokatwa imefika ilikotakiwa kufika. Sarafu itolewayo juu ya deni ni kejeli.

Kwa mfanyakazi aliye na sarafu ya namna hiyo, au aliyerithi ya mzee wake, twasema: itunze. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu ili ing'ae, maana kwa wakusanyaji kusugua huishusha thamani. Usimpe dalali wa njiani kwa bei ya haraka. Ipimwe kwanza uzito, na madini yake yajulikane. Waeleze watoto wako ilitoka wapi na ulitumika miaka mingapi.

Lakini katika sanduku hilo hilo, chini ya sarafu, weka mkataba wako, hati zako za mshahara na taarifa ya michango yako. Kama huna, basi kesho asubuhi nenda ukaviombe, na ukikataliwa, nenda na wenzako mkaviombe pamoja kwa njia ya chama chenu cha wafanyakazi. Mtu asingoje hata apewe fagio.