Bandari ya Kuondokea: Nani Hasa Anayevichagua Visiwa?

Mwezi uliopita shemeji yangu aishiye Texas aliniandikia ujumbe mrefu ulioambatana na matangazo ya meli za kitalii. Mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu, anakwenda kumtembelea, naye anataka kumzungusha katika visiwa vya Karibiani kwa muda wa juma moja. Mezani kwake palikuwa na bandari tatu: Galveston iliyo karibu na nyumbani kwake, Miami, na San Juan ya Puerto Rico, ambako ingewalazimu wafike kwa ndege. "Dakta," aliniandikia, "wewe unayefundisha uchumi wa siasa, nishauri. Nichague visiwa kwanza au bandari kwanza?"

Nilimjibu kwa maneno machache: achague bandari, kwa maana visiwa vitakuwa vimekwisha kuchaguliwa. Jibu hilo lilinibaki kichwani, nikaona halimhusu shemeji peke yake. Linatuhusu na sisi, ambao viongozi wetu huipokea kila meli ya kitalii inayotia nanga Unguja au Mombasa kwa ngoma na hotuba.

Tuanze na hesabu. Meli kubwa ya kitalii huenda takriban maili 20 za baharini kwa saa. Kutoka Miami hadi Barbados ni kama maili 1,400. Kwenda na kurudi ni maili 2,800, yaani saa 140, karibu siku sita kati ya saba. Ndiyo maana anayeondokea Miami kwa juma moja huuzwa ama "Karibiani ya Mashariki" yenye St. Thomas na St. Maarten, ama "Karibiani ya Magharibi" yenye Cozumel, Jamaika na Visiwa vya Cayman. Mwenye siku tatu au nne huishia Bahamas. Galveston imejibanza ndani ya Ghuba ya Mexico, hivyo abiria wake wengi hupelekwa Cozumel na Roatán. Anayetaka kuona St. Lucia, Grenada au Curaçao bila kukesha baharini siku nzima nzima hana budi kuanzia San Juan au Bridgetown. Ramani ya matangazo huonyesha bahari iliyotapakaa visiwa, ilhali bandari ya kuondokea imekwisha kuikata vipande.

Umbali, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya habari hii. Sehemu kubwa ni sheria. Mwaka 1886 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozuia meli zisizo za Marekani kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani. Nayo karibu meli zote za kitalii zinazoondokea Florida hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Bermuda, Malta na kadhalika, ili wenye meli wajiepushe na kodi na masharti ya kazi ya nchi wanamopata wateja wao. Kwa hiyo meli hizo ni sharti zipite katika bandari ya kigeni, japo kwa saa chache. Meli inayotoka California kwenda Hawaii hupita Ensenada, Mexico, si kwa sababu abiria wana hamu ya Ensenada, bali kwa sababu sheria inadai. Anayetaka kuzunguka Hawaii kwa juma moja akianzia Honolulu hujikuta na meli moja kubwa tu, Pride of America, inayopeperusha bendera ya Marekani. Na Kanada ilipofunga bandari zake kwa ajili ya korona, msimu mzima wa Alaska ulikuwa hatarini, hadi Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya muda mwezi Mei 2021 kuziruhusu meli zisipite Kanada.

Nawaomba wanafunzi wangu wa sheria na utawala walitazame jambo hili kwa makini. Tumezoea kudhani kwamba njia ya meli huamuliwa na nahodha, mawimbi na soko. Kumbe kifungu cha sheria cha karne ya kumi na tisa ndicho kinachoamua leo mama mkwe wangu ashuke wapi kununua shanga.

Hata masaa yana siri yake. Kasino na maduka ya ndani ya meli, yasiyotozwa ushuru, kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini na kufunguliwa ikitoka baharini. Mwenye meli hana haja ya kukawia gatini. Abiria hushushwa asubuhi, hurudishwa kabla ya magharibi, na wengi hurudi mapema zaidi kwa kuwa chakula cha mchana wamekwisha kukilipia melini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu huja na chungu chake, kitanda chake na muziki wake, na mara nyingi hata matembezi ya kisiwani ameyalipia kwa kampuni ya meli, ambayo hubakiza fungu lake kabla ya dereva wa teksi kuona kitu.

Na ikiwa kisiwa chenye watu bado kinaleta usumbufu, kipo kisiwa kisicho na watu. Tangu mwaka 1977, kampuni moja ya meli ilipoichukua Great Stirrup Cay katika Bahamas, karibu kila kampuni kubwa imejipatia kisiwa au pwani yake: Disney ina Castaway Cay, Royal Caribbean ina CocoCay, na mwezi Julai 2025 Carnival ilifungua Celebration Key katika kisiwa cha Grand Bahama. Hapo fedha ya abiria haitoki mkononi mwa kampuni hata akiwa amesimama mchangani. Mfano unaonikera zaidi ni Labadee, pwani ya kaskazini ya Haiti iliyozungushiwa uzio, ambayo Royal Caribbean imeikodi tangu miaka ya 1980. Tetemeko liliipiga Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010. Siku tatu baadaye meli ilitia nanga Labadee, watalii wakashuka kuogelea. Kampuni ilijitetea kwamba meli ilileta pia misaada na kwamba kuiacha Haiti kungewanyima watu kipato, na utetezi huo haukuwa wa uongo. Lakini taswira ile inasema yote kuhusu kisiwa kinachouzwa bila nchi yake.

Hapa ndipo suala linapokuwa la siasa. Bandari ya kuondokea ina nguvu za kudai. Bandari ya kutembelewa haina. Miami ikipandisha ada, meli hazina pa kukimbilia kirahisi, kwa kuwa ndege, hoteli, maghala ya vyakula na wateja wenyewe wako Florida. Grenada ikipandisha ada, meli hugeuza usukani ikaenda kisiwa jirani, na abiria hata hagundui. Si maneno ya kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ndogo za Karibiani ya Mashariki zilikubaliana kutoza dola moja na nusu kwa kila abiria ili kugharimia utupaji wa taka, mradi uliokuwa na mkono wa Benki ya Dunia. Kampuni moja kubwa ikaiondoa Grenada katika safari zake. Dola moja na nusu, wasomaji wangu! Mexico, iliyo kubwa mara nyingi zaidi, mwishoni mwa mwaka 2024 ilipitisha tozo la dola 42. Baada ya kampuni kulalamika, kilichoanza kutozwa Julai 2025 ni dola 5, kwa ahadi ya kupanda hatua kwa hatua.

Kila kisiwa kinapojadiliana peke yake, hupangiwa bei na jirani yake. Na wananchi wakithubutu kusema basi, yategemea wanasema wapi. Wapiga kura wa Key West walipitisha mipaka ya ukubwa wa meli mwezi Novemba 2020. Mwaka uliofuata jimbo la Florida likayabatilisha maamuzi yao. Wapiga kura wa Visiwa vya Cayman walikataa mpango wa kujengewa gati la meli hizo katika kura ya maoni ya Aprili 2025, na abiria wanaendelea kushushwa kwa mashua.

Sasa turudi kwetu. Nimekwisha kusikia hoja kwamba sisi si Karibiani, kwamba meli zinazopita Mombasa na Zanzibar ni chache, na kwamba muuza vinyago wa Mji Mkongwe anayepata wateja mia moja kwa siku moja hana nafasi ya kusikiliza mihadhara yangu. Hoja ya mwisho naiheshimu. Mwongozaji wa watalii anayewapeleka wageni mashamba ya viungo hula siku hiyo, na mimi simwombei mabaya. Ninachosema ni kwamba uchache huu ndio wakati wa kuamua, kabla njia hazijachorwa na wengine. Aliyekwisha kujenga gati kwa mkopo huwa hana tena ubavu wa kukataa masharti.

Mfano wa karibu uko kusini mwa bara letu. Safari fupi zinazoondokea Durban huwapeleka abiria hadi Kisiwa cha Wareno, karibu na Inhaca, na ufuo wa Pomene. Kisiwa na ufuo ni vya Msumbiji. Bandari ya kuondokea ni ya Afrika Kusini. Mizigo, vyakula, hoteli ya usiku wa kwanza na tiketi za ndege viko Durban. Msumbiji hutoa mchanga na jua.

Je, ni lazima sisi tuwe Msumbiji katika hadithi hii? Nilichukua ramani na rula, kama nilivyofanya kwa ajili ya shemeji. Kutoka Mombasa hadi Unguja ni kama maili 130 za baharini. Kutoka Unguja hadi Moroni, Ngazija, ni kama 400. Moroni hadi Nosy Be ya Madagaska, zaidi kidogo ya 300. Kurudi Mombasa, kama 750. Jumla haifiki maili 1,700. Kwa mwendo wa maili 18 kwa saa ni saa zisizozidi 95 kati ya 168 za juma moja. Maana yake ni kwamba mzunguko wa visiwa vyetu unaotosha juma moja upo, na unaweza kuanzia na kuishia kwetu. Manahodha wa majahazi waliujua muda mrefu kabla ya rula yangu. Wao bandari yao ya kuondokea iliamuliwa na kaskazi na kusi, na walikaa ugenini miezi mizima wakisubiri upepo ugeuke. Ndiyo sababu waliacha lugha, misikiti na wajukuu.

Kinachokwamisha ni makaratasi. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 2014 inazihusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Mgeni atakayepanda meli Mombasa na kushuka Malindi, Unguja, amevuka mpaka wa viza kwa safari ya usiku mmoja. Mwenye meli akiona hivyo, ataifanya bandari yetu ya kupita tu, na atawaanzishia abiria wake safari Cape Town, Port Louis au Dubai. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnajua kwamba jambo hili halihitaji gati jipya wala mkopo. Linahitaji meza moja yenye Kenya, Tanzania, Komoro na Madagaska, ada moja kwa kila abiria ambayo hakuna atakayeishusha kwa siri, na masharti ya kununua samaki, matunda na maji kwetu. Meli za wastani, za abiria mia chache, zinatosha. Mji Mkongwe una vichochoro, hauna barabara za kumeza watu elfu tano asubuhi moja.

Lipo pia suala la nani anaruhusiwa kuwa abiria. Shemeji alikuwa hajui kwamba mama yake, akiwa na pasipoti ya Tanzania, atahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitoka San Juan kwenda Barbados na kurudi, yeye huhesabiwa kuwa ametoka Marekani na kuingia upya. Bandari ya kuondokea huchagua visiwa, na huchagua pia watu. Safari inayoanzia Mombasa ingemruhusu mwalimu wa Nakuru au muuguzi wa Dodoma kupanda akiwa na pasipoti yake ya Afrika Mashariki. Inayoanzia Miami humtaka apite kwanza dirisha la ubalozi.

Basi, kwa wanaotaka kujua: viza ya mama mkwe imeonekana kuwa ya kuingia mara nyingi, shemeji amechagua San Juan, na nimemshauri waende Februari, mbali na vimbunga ambavyo msimu wake huanza Juni hadi Novemba. Visiwa vitano kwa siku saba. Alipompigia simu mama yake kumweleza kwamba kila kisiwa watashuka asubuhi na kurudi melini kabla ya magharibi, bibi huyo, mzaliwa wa Mkoani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wenyeji tutawasalimu saa ngapi?"