Jino Lizibwe Kabla ya Kung'olewa



Sisi watu wa karakana ya reli twaona kwamba yafaa chama kiseme neno juu ya meno. Wengine watacheka. Aliyekesha usiku kucha ameshika shavu, na alfajiri akaingia zamu, huyo hatacheka.

Desturi yetu ni hii: jino likioza twanyamaza, twatafuna upande mmoja, hata liume kweli. Ndipo twaenda kwa daktari, nalo hung'olewa, kwa maana bima tuliyopewa kazini hulipa kung'oa wala hailipi kuziba. Mwenzetu mmoja amekwisha ng'olewa manne, naye hajatimiza miaka 40. Nyama hukatiwa vipande vidogo kama mtoto.

Lakini jino lenye tundu dogo lazibika. Tangu zamani huzibwa kwa madini ya rangi ya fedha, na karibu nusu ya madini hayo ni zebaki. Zebaki ikitupwa huharibu maji na hewa, kwa hiyo mataifa ya Mapatano ya Minamata yalikata shauri mwaka 2025 kwamba vizibo hivyo vikome kufikia mwaka 2034. (Mwenye kizibo cha zamani kilicho kizima asikimbilie kukitoa.) Vitakavyobaki ni vile vya rangi ya jino. Basi mtu asituambie kwamba twaomba urembo wa wakubwa.

Viko vya namna mbili. Kimoja ni plastiki iliyochanganywa na unga wa kioo, nayo hukazwa kwa taa ya buluu. Hushikamana na jino lenyewe, hivyo daktari hachimbi sana sehemu iliyo nzima. Lakini chataka mahali pakavu na mkono wa fundi, na bei yake si ndogo. Cha pili ni saruji iitwayo glasi ayonoma, ambayo huganda yenyewe bila taa. Katika tundu kubwa la gego huisha mapema, hatukatai. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2021.

Tena jirani zetu wametuonyesha njia. Huko Tanzania, katika miaka ya 1980, ilianzishwa namna ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu na kuziba, pasipo mashine wala umeme. Leo kazi hiyo hufanywa kwa saruji hiyo hiyo. Yawezekana basi hata katika zahanati ya stesheni ndogo.

Uozo ukifika kwenye mshipa, kuziba peke yake hakutoshi. Lazima mtu aende mapema, kabla ya maumivu, na bima yetu yatufundisha kuchelewa.

Katika mkutano ujao wa tawi tutaleta ombi la kuingizwa katika makubaliano mapya ya kazi: kuziba kulipwe kama kung'oa, na saa za kwenda kwa daktari wa meno zisikatwe mshahara. Ndugu aliyelipa kuziba kwa fedha zake ampe katibu stakabadhi kabla ya mkutano, kwa sababu wenye kazi watauliza hesabu.