Rangi Mpya, Waya wa Kale

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Lau wangelala katika nyumba zetu za leo wangeongeza: na pengine ki ukutani, juu ya kitanda chako.

Hivi karibuni nilizuru Migori na Homa Bay, upande wa Ziwa Victoria. Huko umeme si mgeni wa jana. Kituo cha Gogo, kwenye mto Kuja, kilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuupa nguvu mgodi wa Macalder; na tangu mwaka 2015 mradi wa serikali umefikisha nguzo hadi vijijini. Lakini mijini, kama kwetu Mombasa, ziko nyumba kuukuu zilizotiwa waya wakati stima ilikuwa ni taa tatu na redio moja. Leo mpangaji ana friji, pasi na birika, na bafuni shawa ya umeme. Nyumba imepakwa rangi. Waya ni ule ule.

Mimi si fundi, ila hesabu yake haihitaji ufundi. Umeme wetu ni volti 240. Shawa ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampea 20, na njia ya taa hulindwa kwa fyuzi ya ampea 5. Kuitundika shawa kwenye njia ya taa ni kumtwika punda mzigo wa lori. Fyuzi ikikatika imetimiza wajibu wake: imekufa ili waya usiungue.

Hapa ndipo ninapogombana na wenye nyumba na mafundi wao. Fyuzi ikikatika mara mbili tatu, hawaulizi kwa nini. Hutia kipande kinene cha shaba mahali pake, taa zikawaka, watu wakashukuru. Huko si kutengeneza. Ni kumziba shahidi mdomo. Katika nyumba moja ya kupanga Homa Bay niliyaona hayo kwa macho yangu. Soketi ilikwisha kugeuka rangi ya kahawa kwa joto, na wapangaji wamezoea kurushwa na bomba la bafuni kana kwamba ni desturi ya nyumba.

Dawa ina utaratibu. Kwanza waya wa ardhi. Kisha swichi kuu inayojikata umeme ukivuja. Shawa ipewe waya wake mnene, peke yake. Waya ambao mpira wake umekauka na kupasuka ung'olewe. Na fundi akumbuke kuwa rangi zimebadilika: zamani mwekundu ndio wenye moto na mweusi ndio wa kurudisha, sasa ni kahawia na buluu. Anayeunga vya kale na vipya bila kupima anacheza na roho za watu.

Wenye nyumba watajibu: gharama. Ni kweli. Lakini mpangaji hana ruhusa ya kubomoa ukuta wa mtu. Mwenye ukuta ndiye mwenye dhima. Na Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, si kijana yeyote mwenye bisibisi.

Sisi tuliopita chuoni tulifunzwa kuzima taa kabla ya kulala, kwani moto ni adui. Kibatari ukikizima kimezimika. Waya uliochakaa hauzimwi kwa swichi ya taa. Huendelea na kazi yake nawe umelala. Basi kabla ya kupandisha kodi kwa ajili ya rangi mpya, mwenye nyumba na alifungue boksi la fyuzi mbele ya mpangaji wake, waangalie pamoja.