Gari Linalogoma Alfajiri Lilale kwa Fundi

Ugomvi wangu na mafundi wa magari ya zamani ni ugomvi wa saa. Gari langu hugoma saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, hapa Njombe, wakati ukungu haujaondoka kwenye viazi na viganja vinauma ukishika usukani. Wao hulitazama saa nne, jua limeshapanda na injini imeshapata moto kwa mwendo wa kutoka kijijini. Saa hiyo hata mtoto angeliwasha. Fundi hulisikiliza likinguruma vizuri, hufuta mikono, kisha hutoa hukumu ileile: "Mama, hii ni kabureta. Tuifungue tuioshe."

Mgonjwa wa homa za usiku ukimpima mchana utamwona mzima.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya petroli, Series III, silinda nne, injini ya sentimita za ujazo 2,286, kabureta ya Zenith 36 IV. Aliliacha marehemu mume wangu, na mpaka leo linatoa viazi shambani kuvipeleka barabara ya lami. Vijana hunishauri niing'oe injini niweke ya dizeli ya Kijapani, kama walivyofanya wengi. Sitaki. Hii haina kompyuta. Kila ugonjwa wake unaonekana, unanuswa au unasikika, mradi kuwe na mtu pale unapotokea.

Tuanze na baridi yenyewe. Petroli ya majimaji haiungui ndani ya silinda. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa na moto, sehemu moja ya petroli hutosha kwa sehemu kama kumi na tano za hewa, kwa uzito. Ikiwa baridi, petroli nyingi hunata kwenye kuta za manifoldi na haifiki ikiwa mvuke. Ndiyo kazi ya choki: hufunga koo la kabureta, hewa ikapungua, pistoni zikafyonza petroli ya ziada, ili hata ule mvuke kidogo unaopatikana utoshe kuwaka. Lakini baridi hiyohiyo imeigandisha oili kidogo na kuidhoofisha betri. Stata inavuta umeme kwa nguvu, koili inaambulia makombo. Hapo cheche iliyofifia, ambayo mchana ingefanya kazi bila mtu kujua, inashindwa. Ndiyo maana gari linaloonekana kukosa mafuta alfajiri mara nyingi linakosa umeme.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi yatumike masikio. Stata ikizunguka kivivu, achana na kabureta kabisa. Angalia betri, nyaya zake na athi. Ikizunguka kwa kasi na gari haliwaki, tumia pua. Kama hakuna harufu ya petroli, mafuta hayafiki. Pampu ya Land Rover hizi ina kikombe cha kioo na mkono mdogo wa kusukumia. Gari likikaa muda bila kuwashwa, petroli ya kwenye bakuli la kabureta huvukiza, na ukiusukuma mkono huo mpaka uwe mwepesi umelijaza tena. Halafu toa eakilina, mtu avute choki, wewe utazame: kifuniko kimefunga chote au kimeishia nusu? Waya wa choki ukiteleza kwenye skrubu yake, dereva atavuta kitufe hadi mwisho na kule mbele hakuna kinachofunga. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga akselereta: mchirizi mwembamba wa petroli unapaswa kuruka ndani ya koo. Usiutazame na sigara mdomoni. Na wale wanaomimina petroli kwenye kabureta kwa kizibo cha chupa huku mwenzao akipiga stata, basi waendelee, kama nyusi zao wamezichoka.

Harufu ikiwa kali na plagi zimelowa, mafuta yapo ila cheche hakuna, au ni hafifu. Hapa kwetu naanza na ukungu. Kifuniko cha distributa kikiwa na ufa mwembamba, mchana mkavu hakilalamiki. Umande ukiingia, umeme hupitia kwenye ufa badala ya kwenda kwenye plagi. Futa ndani na nje kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena. Kisha pima pointi: nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40, na zikiwa zimeungua hata nafasi sahihi haitasaidia. Wageni kutoka pwani hukosea jambo jingine. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyotegeshwa Dar es Salaam hapa inatoa petroli nyingi hata kabla ya kuvuta choki. Mtu anaivuta yote, anang'ang'ania stata, plagi zinazama. Dawa ni kurudisha choki, kukanyaga akselereta hadi sakafuni na kuishikilia hapo, kisha kupiga stata.

Gari langu mimi lilioshwa kabureta katika gereji moja ambayo sitaitaja. Walichokonoa jeti kwa waya, na tundu la jeti likipanuka haliwezi kurudi. Wakarudisha mfuniko bila ile pete ya mpira inayokaa ndani ya Zenith, ambayo ikikosekana petroli hupenya pasipotakiwa. Gari likaanza kunywa mafuta kwa fujo, na alfajiri likagoma vilevile, choki nayo ikawa nzito mpaka ikakwama. "Si unaona, mama? Kabureta imekufa." Wakaniuzia mpya. Likagoma.

Aliyeligundua tatizo ni mzee mmoja aliyeomba jambo ambalo sikuwahi kuombwa: gari lilale kwake. Alfajiri akafungua boneti na mita yake ya volti. Mwanawe alipopiga stata, mzee alikuwa ameweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini. Mita ilipaswa isifike hata nusu volti. Ikasoma zaidi ya mbili. Kisha akaniambia niguse waya wa choki. Asubuhi ile ya kutetemeka, waya ulikuwa wa moto.

Mkanda wa athi unaounganisha injini na chasi ulikuwa umeoza kwa kutu. Umeme wa stata ulipokosa njia yake ukatafuta nyingine, ukapita kwenye waya wa choki, ukaupasha moto mpaka ukaanza kukwama ndani ya ganda lake. Stata ikawa dhaifu na choki haikufunga, yote kwa kosa moja ambalo halikuwa ndani ya kabureta. Mkanda mpya ni wa bei ndogo kuliko debe la viazi.

Nimejiuliza kwa nini kabureta ndiyo hukamatwa kwanza, na sidhani ni ujinga wa mafundi. Ni sisi wateja. Kabureta iliyooshwa inang'aa. Inawekwa juu ya gazeti, unaiona, unalipa bila kunung'unika. Fundi akikaa na mita nusu saa, akabana nati moja na kusema limepona, tunamwona mwizi. Tumewafundisha kufungua vitu.

Mafuta nayo yasisahaulike. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haigeuki mvuke upesi, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, haikuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 bila sababu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka, iliyochakachuliwa huacha doa la mafuta.

Ninachokitaka ni gereji ziwe na bei ya kulaza gari, iandikwe ukutani pamoja na bei ya kuosha na ya kubadili oili. Mteja alete gari jioni, funguo zibaki, asiliwashe mtu mpaka alfajiri. Mzee wangu ameshaanza. Anatoza kulala na kupima, vipuri mbali, na mwezi wa Julai anaongeza kwa sababu naye anatoka kitandani na baridi ile. Wenzangu wa viazi wanasema ni ghali mno kwa mtu ambaye wakati mwingine hafungui hata skrubu. Kabureta niliyouziwa bado ninayo, haina tatizo lolote. Anayeitaka nitampa kwa nusu ya bei.