Breki za nyuma si za kubahatisha

Gari lililoundwa gereji kwa kuunganisha vifaa vya magari tofauti lisiingie barabarani, Tabora wala kwingineko, mpaka breki zake za nyuma zipimwe pamoja na za mbele. Diski kukaa kwenye habu na kalipa kufungika kwa boliti hakuthibitishi kwamba breki zimelingana.

Hatuwapingi wanaounda magari. Kituo cha Nyumbu kule Kibaha kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba Mtanzania anaweza kutengeneza gari. Uganda walilijaribu gari lao la umeme, Kiira, mwaka 2011. Hapa kwetu, mchora katuni Masoud Kipanya alizindua la kwake Machi 2022. Tunataka mafundi wa Tabora nao wawemo katika orodha hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo tunasisitiza breki: ajali moja ya gari la kuunda inaweza kuwafungia njia wabunifu wote.

Barabara zetu nazo zimebadilika. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walisafiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora, kwa njia ile ile ya misafara ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kwa nyayo zao. Reli ilifika mwaka 1912. Leo mji umeunganishwa kwa lami, na magari yanapita kwa kasi yakiwa na tumbaku, asali na mahindi. Gari likitoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuizima huongezeka mara nne. Ufungaji wa kukisia uliovumilika kwenye vumbi na mashimo unaua kwenye lami.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele na matairi ya nyuma huwa mepesi. Breki za nyuma zikiwa na nguvu kupita kiasi, matairi hayo hujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari hugeuka mkia mbele. Zikiwa dhaifu mno, za mbele hubeba kazi yote, hupata moto kupita kiasi, na gari huchelewa kusimama. Ndiyo maana viwanda vingi vimekuwa vikiweka vali ya kupunguza presha inayokwenda nyuma, na baadhi ya pikapu zina vali inayofuata uzito wa mzigo. Fundi akiing'oa vali hiyo kwa sababu inavuja, ameondoa sehemu ya usalama wa gari.

Tofauti inayoonekana ndogo kwa macho huwa kubwa kazini. Kalipa yenye pistoni ya milimita 38 ikifungwa mahali pa yenye milimita 34, eneo la pistoni huongezeka kwa takriban asilimia 25. Kwa presha ile ile, pedi hubana kwa robo zaidi. Ongeza diski yenye kipenyo kikubwa, na nguvu ya kuzuia gurudumu inapanda tena. Wakati huo huo pistoni kubwa hudai mafuta mengi zaidi, hivyo masta silinda ya zamani ikibaki, pedali huzama chini.

Kuna makosa mengine yanayojirudia. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nati ya kutolea upepo hutazama chini, na hewa hubaki ndani hata upepo utolewe mara ngapi. Kalipa nyingi za mbele hazina utaratibu wa breki ya mkono, kwa hiyo anayezihamishia nyuma hulibakiza gari bila breki ya kuegeshea. Pedi nayo lazima ikae yote juu ya uso wa diski, bila kuchomoza ukingoni. Diski iliyochakaa chini ya unene wa mwisho, ambao aghalabu huandikwa kwenye diski yenyewe, haifai hata ikiwa inang'aa. Na vifaa vya upande wa kulia na wa kushoto viwe vya aina moja, vifungwe kwa pamoja.

Tunajua spea ni ghali, na fundi hutumia kilichopo sokoni. Jibu letu ni kwamba anunue seti kamili kutoka gari moja: diski, kalipa, mabano yake, masta silinda na vali. Achague gari ambalo uzito wake, na mgawanyo wa uzito huo mbele na nyuma, unakaribiana na lile analoliunda. Kununua kipande kimoja kimoja kwa bei ya chini mara nyingi huishia kugharimu zaidi, kwani kila kipande kisichooana hudai kingine.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, fundi aandike kipenyo cha diski na pistoni, aina ya masta silinda na gari alikotoa kila kifaa, na karatasi hiyo abaki nayo mwenye gari. Pili, vyuo vya ufundi, VETA ikiwemo, vifundishe hesabu ya breki sambamba na kufungua na kufunga. Tatu, polisi wa usalama barabarani wasikubali gari lililoundwa au kubadilishwa ekseli mpaka lijaribiwe mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo kwanza, likiwa tupu kisha likiwa na mzigo. Matairi ya mbele yajifunge kabla ya ya nyuma, na gari lisimame bila kuvutwa upande.

Mwenye gari naye ana wajibu. Asipokee funguo kabla ya kuliona jaribio hilo kwa macho yake.