Msimnyang'anye Mtoto Lugha Yake

Mtoto wa miaka mitatu akisema "Mama, nataka madzi", watu wazima wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hutoa hukumu papo hapo: huyu Kiswahili hakijui, Kichewa hakijui, atakua hana lugha. Jirani hutikisa kichwa. Mwalimu wa chekechea humshauri mzazi achague lugha moja ashike hiyo. Mzazi, kwa kumpenda mwanawe, hutii, na lugha inayofukuzwa nyumbani huwa ileile aliyotoka nayo Fizi au Uvira, Kongo. Hukumu hiyo ni ya uongo, na ushauri huo unawadhuru watoto wetu.

Tuitazame sentensi yenyewe. Kitenzi ni cha Kiswahili na viambishi vyake vimekaa sawasawa. Nomino ni ya Kichewa, nayo imewekwa pale nomino inapotakiwa kuwekwa. Kuna kilichoharibika hapo? Mtoto amechukua neno alilolisikia bombani kutwa nzima, akalitia katika sentensi aliyofundishwa na mama yake.

Tena lugha hizi mbili ni ndugu, na undugu wao una mitego. Nyumba ni nyumba kwetu na kwao, moto ni moto. Lakini tukisema "mama anapika", chungu kiko jikoni sasa hivi. Mchewa akisema "amayi anaphika", mama alikwisha kupika. Kiambishi ni kilekile, wakati ni mwingine. Sisi tuliofika Malawi ukubwani tunajikwaa hapo mwaka baada ya mwaka. Watoto wanaocheza katika lugha zote mbili hujifunza kutenganisha nyakati hizo bila kufundishwa na mtu. Halafu sisi ndio tunaosema wamevurugika akili.

Imani hii ina historia. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alitangaza kwamba watoto wa Wales wenye lugha mbili walikuwa na akili pungufu kuliko wenye lugha moja, na walimu wa nchi nyingi wakaamini jambo hilo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa Montreal, Kanada, wakihakikisha kwamba wanaolinganishwa wametoka katika hali sawa ya maisha. Wenye lugha mbili ndio waliofanya vizuri zaidi. Mwaka 1995, katika mji huohuo, Fred Genesee na wenzake waliwasikiliza watoto wa umri wa miaka miwili hivi, ambao mzazi mmoja alizungumza nao Kifaransa na mwingine Kiingereza. Walichanganya, ndiyo. Lakini lugha ya mama waliitumia zaidi kwa mama, na ya baba kwa baba. Aliyepotea katika lugha hawezi kuchagua namna hiyo.

Kwa watu wazima tunalijua jambo hili vizuri. Carol Myers-Scotton alichunguza mazungumzo ya Nairobi yanayochanganya Kiswahili na Kiingereza, akaonyesha mwaka 1993 kwamba mchanganyiko una kanuni: lugha moja hujenga sentensi, nyingine huleta maneno yake ndani. Mfanyabiashara wa Kikongomani anayeteremka Lumbadzi kununua mahindi hupatana bei kwa Kichewa, hutaja tarakimu kwa Kiingereza, kisha humgeukia mwenzake kwa Kiswahili chenye Kifaransa ndani. Huyo tunamwita mjanja. Mwanawe akifanya vilevile, tunamwita mjinga.

Najua hofu ya wazazi inatoka wapi. Mtihani wa kumaliza darasa la nane Malawi hufanywa kwa Kiingereza, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ilikipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kufundishia shuleni. Mzazi aliyepoteza shamba na nyumba hataki mwanawe apoteze na shule pia. Kwa hiyo anakata Kiswahili na kuanza kumsemesha mtoto kwa Kiingereza alichookota mwenyewe barabarani. Matokeo yake nyumba inakuwa kimya. Mzazi mwenye maneno machache ya Kiingereza humpa mtoto amri tu: njoo, kaa, acha. Kwa Kiswahili au Kibembe cha kwao Fizi angempa hadithi, vitendawili, utani, nasaba, na sababu za mambo. Mtoto aliyezoea kusimuliwa na kueleza kwa lugha anayoimiliki huingia darasani na uwezo huo, akautumia katika lugha ya shule. Aliyezoea amri huingia na amri.

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Kanisani mtoto husikia Kiswahili, kwa jirani Kirundi au Kinyarwanda, sokoni Kichewa, darasani Kiingereza. Anayechota katika lugha zote hizo ameyaelewa mazingira yake kuliko anayemkataza.

Lipo jambo la kuangaliwa kweli. Mtoto aliyetimiza miaka miwili na hajaanza kuunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote, au haitiki akiitwa, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Maneno yake yahesabiwe katika lugha zote kwa pamoja, yasihesabiwe katika lugha ya mwalimu peke yake. Kasoro ya kweli ya usemi huonekana katika kila lugha ya mtoto, na kumwondolea mojawapo hakumponyi.

Kwa hiyo, walimu wa chekechea, acheni kuwaambia wazazi wachague. Mtoto akisema "nataka madzi", mpeni maji, mjibuni kwa sentensi kamili ya lugha yenu, naye ataisikia. Msimcheke, maana mtoto anayechekwa hunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakoua lugha. Nanyi wazazi, zungumzeni naye kwa lugha mnayoijua hadi ndani, kila siku, kwa urefu, bila kuona haya. Kichewa atakipata kwa watoto wenzake, Kiingereza atakipata shuleni. Kiswahili cha Fizi, na Kibembe cha bibi yake, asipovipata kwenu hapa Malawi hatavipata kwa mtu mwingine.